Chuo cha Ufundi cha Serikali Nairobi: Hesabu ya Gharama Hadi Siku ya Kwanza ya Kazi

Barua ya kujiunga na chuo cha kiufundi huonyesha karo ya mwaka, na familia nyingi hapa Nairobi huamua kwa kuangalia tarakimu hiyo peke yake. Wakiimudu, kijana anakwenda. Wakiona ni nzito, anaingia mjengo kubeba mawe huku wakisubiri mambo yawe mazuri. Mimi nasema hesabu ifike mbali zaidi. Fundi huanza kulipwa vizuri akiwa na cheti, vifaa vyake vya mkono, mtu wa kumshuhudia kwamba kazi anaijua, na katika fani kadhaa, leseni. Pesa za kufika hapo ndizo gharama halisi ya kozi, na wanaoacha masomo katikati mara nyingi huangushwa na zile ambazo hazikuandikwa kwenye barua.

Mwongozo huu ni wa kijana aliyemaliza kidato cha nne, mzazi au mlezi anayemlipia, na pia mtu mzima aliyechoka na vibarua na anataka kuanza upya.

Hatua ya 1: Tafuta kazi kwanza, kozi baadaye

Kabla ya kufungua tovuti yoyote, tembea. Kama unawaza uchomeleaji, nenda Kamukunji na Kariobangi Light Industries. Magari, pita Kirinyaga Road, wanakoita Grogan. Mashine za viwandani na umeme wa kiwanda, zunguka Enterprise Road na Lunga Lunga asubuhi uone nani anaingia kwenye mageti na nani anabaki nje. Vifaa vya elektroniki na simu, Luthuli Avenue. Useremala, tazama vibanda vya Ngong Road na Gikomba.

Ukiwa huko, msalimu fundi vizuri, subiri apumzike, kisha umuulize mambo matatu. Fundi mgeni hulipwa kwa siku, kwa kazi au kwa mwezi? Je, kuna karatasi yoyote aliyoulizwa alipoajiriwa au alipopewa tenda? Na miezi ipi kazi hukauka? Waulize mafundi kadhaa, kwa sababu mmoja anaweza kuwa na siku mbaya. Majibu yao yatakusaidia kuliko tangazo lolote la chuo.

Maoni yangu kuhusu fani ni haya. Chuo cha serikali kina faida kubwa pale kozi inapohitaji mashine ambazo huwezi kuzipata kwingine kwa urahisi: mashine za kukereza vyuma, mitambo ya friji na viyoyozi, umeme wa viwandani, ufundi bomba wenye mafunzo ya majengo makubwa. Serikali imenunua mashine hizo kwa pesa za umma, na wewe unazitumia kwa karo ya kawaida. Kozi za ofisini zinazotolewa katika vyuo hivyohivyo si mbaya, lakini Nairobi zinafundishwa kila pembe, na wanaozimaliza wanagombania nafasi na wenye digrii.

Fani ya magari inabadilika haraka. Mabasi ya umeme ya BasiGo yapo barabarani Nairobi tangu 2022, pikipiki za umeme zinaongezeka kila mtaa, na magari ya haibridi yanayoagizwa kutoka Japani yanaongezeka. Ukichagua umekanika, uliza kama chuo kinafundisha kusoma hitilafu kwa kompyuta na kushughulikia betri za nguvu kubwa. Kama jibu ni la kuzungukazunguka, fikiria umeme wa magari badala yake.

Na kwa wazazi wa mabinti: msimsukume msichana kwenye upishi au ususi kwa sababu tu ni msichana. Fani hizo zinalisha watu, ndiyo, lakini zimejaa. Mwanamke aliye na leseni ya umeme au anayejua kuchomelea hupata kazi, na wako wateja wanaopendelea fundi mwanamke aingie nyumbani mwao.

Hatua ya 2: Jua ngazi unayoweza kuingia

Kozi zinazotahiniwa na TVET CDACC, baraza linaloandaa mitaala na kutathmini mafunzo ya kiufundi, zimepangwa kwa ngazi. Ngazi ya 6 ni diploma, na kwa kawaida inahitaji alama ya wastani ya C- katika KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne. Ngazi ya 5 ni cheti cha ufundi, inahitaji D. Ngazi ya 4 inawapokea walio chini ya hapo. Fani fulani zina masharti ya masomo mahususi kama hisabati au fizikia, kwa hiyo soma masharti ya kozi yenyewe.

Asiye na KCSE kabisa ana mlango wake. Vituo vya mafunzo ya ufundi vya kaunti, kama kile cha Waithaka, viko chini ya serikali ya kaunti tangu ugatuzi ulipoanza 2013. Huko mtu hujifunza ushonaji, useremala, uashi, umeme wa nyumba na mengine, kisha anafanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani.

Ngazi hizi zinaungana. Ukimaliza ya 4 unaweza kupanda ya 5, kisha ya 6, na kutoka hapo kuomba digrii katika chuo kikuu kama Technical University of Kenya. Kwa hiyo aliyepata D asijione amefungiwa nje. Ninaloshauri ni kufanya kazi kidogo kati ya ngazi moja na nyingine ikiwa pesa ni za shida, kwa sababu mwenye Ngazi ya 5 na mikono iliyozoea kazi huajiriwa kabla ya mwenye diploma ambaye hajawahi kushika koleo nje ya darasa.

Hatua ya 3: Kagua chuo kwa macho yako

Nairobi ina vyuo vya umma vya kutosha. Kabete National Polytechnic ilianzishwa 1924 na iko kando ya Waiyaki Way. Nairobi National Polytechnic, ambayo wengi bado wanaiita Nairobi TTI, iko Ngara. PC Kinyanjui iko upande wa Riruta. Industrial Area kuna NITA yenyewe na taasisi ya KIHBT ya barabara na majengo. South B kuna chuo cha reli. Kwa vijana viziwi, Karen Technical Training Institute for the Deaf hufundisha kwa lugha ya ishara.

Kila chuo cha kiufundi, cha umma au binafsi, lazima kiwe kimesajiliwa na TVETA, mamlaka iliyoundwa chini ya sheria ya 2013. Orodha ipo kwenye tovuti yao. Lakini usiishie kwenye jina la chuo. Uliza kama kozi yako imeidhinishwa, na kama chuo ni kituo kilichoidhinishwa na CDACC kuitathmini. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa huku kozi moja haijapata idhini, na anayeumia ni mwanafunzi anayefika mwisho akakosa tathmini.

Nenda siku ya kazi, saa nne asubuhi hivi, uombe kuona karakana. Tazama mashine ngapi zinafanya kazi na wanafunzi wangapi wanazisubiri. Tazama kama wamevaa miwani ya usalama. Ongea na wanafunzi wa mwaka wa pili mbali kidogo na ofisi: vifaa vya mazoezi vinatosha? Je, walimu wanaingia darasani? Vyeti vya waliotangulia vilitoka kwa wakati? Wanafunzi wenyewe watakueleza bila kuficha.

Hatua ya 4: Omba nafasi kupitia KUCCPS, kisha ufadhili

Hapa ndipo watu hupoteza pesa nyingi kwa kutojua. Ufadhili wa serikali umefungamana na KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi katika vyuo. Hata ukienda chuoni moja kwa moja ukapokelewa kwa furaha, uliza kabla ya kulipa chochote: je, jina langu litapita KUCCPS? Usipopita huko, unaweza kujikuta unajilipia kila shilingi. Waliofanya KCSE miaka mingi iliyopita nao hutuma maombi, si waliomaliza juzi peke yao.

Ukishapata nafasi, omba ufadhili kwenye tovuti ya HEF, mfumo wa serikali wa kufadhili elimu ya juu. Mfumo huu ulianza 2023, na huangalia hali ya familia ili kuamua msaada utakaopewa na mkopo utakaochukua kutoka HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Jibu maswali kwa ukweli na ukamilifu. Familia nyingi za mitaa ya mabanda hujaza haraka kwenye saiba (duka la intaneti), mtu wa saiba akawajazia kwa kukisia, kisha wanawekwa kundi lisilowastahili. Andaa mapema kitambulisho, vitambulisho vya wazazi au vyeti vyao vya kifo kama wamefariki, na cheti cha KCSE. Ukaona umewekwa kundi lisilo lako, kata rufaa.

Mkopo wa HELB hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na unaanza kulipwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Ukikopa Sh80,000, riba ya mwaka ni kama Sh3,200. Mikopo mingi mingine mjini ni ghali kuliko hapo. Tahadhari ni moja: asiyeanza kulipa hutozwa faini kila mwezi, kwa hiyo hata kama hujapata kazi, wasiliana nao kabla muda haujapita.

Basari ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, huombwa katika ofisi ya eneo bunge lako, ukiwa na barua ya chuo, muundo wa karo na saini za chifu. Pesa huenda chuoni, haziji mkononi. Omba kila zinapotangazwa, hata mwaka jana ukinyimwa.

Hatua ya 5: Piga hesabu kamili

Chini ya mfumo wa zamani ulioanza 2018, karo ilikuwa Sh56,420 kwa mwaka, serikali ikilipa Sh30,000 na mwanafunzi Sh26,420. Tangu mfumo mpya uje, barua nyingi za waliopangwa na KUCCPS zimeandikwa Sh67,189 kwa mwaka, kabla msaada na mkopo havijaondolewa.

Sasa chukua mfano. Kijana anaishi Kayole na amepata umeme, Ngazi ya 5, Kabete. Anapanda matatu hadi mjini, kisha nyingine. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni Sh250. Siku 5 kwa wiki, wiki 12 kwa muhula, ni Sh15,000. Mihula mitatu ni Sh45,000. Nauli peke yake imefikia theluthi mbili ya karo. Chakula cha mchana cha Sh100 ni Sh18,000 kwa mwaka. Ovaroli, buti za usalama na vifaa vya kuanzia, tuseme Sh8,000. Jumla ya mwaka: Sh138,189, zaidi ya maradufu ya ile karo ya kwenye barua.

Kijana huyohuyo akipata kozi hiyo Ngara, ambako matatu moja inatosha kwa Sh120 kwa siku, nauli inashuka hadi Sh21,600. Ameokoa Sh23,400 kwa kuchagua chuo kilicho njiani. Weka nauli zako mwenyewe kwenye hesabu hii, na ukumbuke kwamba mvua ikinyesha Nairobi bei zinapanda. Kwa anayekaa mbali sana, linganisha na hosteli ya chuo au chumba cha kugawana na mwenzako karibu na Kangemi.

Halafu kuna atachimenti, yaani mazoezi ya kazi kwenye kampuni au kwa mkandarasi, ambayo ni sehemu ya kozi na mara nyingi haina malipo. Miezi mitatu ya nauli na chakula, kwa Sh350 kwa siku na siku 60, ni Sh21,000 zaidi. Hapa ndipo familia hushtuka, kwa sababu walidhani masomo yamekwisha. Uliza pia ada ya tathmini ya CDACC inalipwa lini, maana vyuo vingi havimruhusu mwanafunzi kutathminiwa akiwa na deni.

Soma barua ya HELB uone ni kiasi gani kinakwenda chuoni na kama kuna kinachoingia kwako. Msaada ukipunguza karo hadi chini kabisa, nauli haipungui hata shilingi. Mzazi mwenye uwezo mdogo ni bora aweke pesa zake kwenye nauli na chakula, aache mkopo na basari vibebe karo.

Lipa karo kwa namba iliyoandikwa kwenye barua rasmi pekee. Serikali imehamishia malipo ya huduma zake eCitizen, ambayo namba yake ya malipo (Paybill) ni 222222. Mtu yeyote anayetaka karo itumwe kwenye simu yake binafsi ni tapeli, hata akiwa amesimama ndani ya geti la chuo.

Hatua ya 6: Ukiwa chuoni, jenga ushahidi wa kazi yako

Mafunzo ya sasa yanapima unachoweza kufanya kwa mikono, na tathmini hutegemea faili la ushahidi wa kazi ulizofanya. Piga picha kila kazi: kabla, katikati, baada. Andika tarehe na kifaa ulichotumia. Faili hilo ndilo utakalomwonyesha mwajiri, na linaongea kuliko barua ya maombi.

Tafuta atachimenti mapema, angalau muhula mmoja kabla. Peleka barua ya chuo kwa mkono, ukiwa msafi na umevaa buti, kwenye kampuni kubwa na pia kwa wakandarasi wadogo. Chuo kikupe barua na bima ya ajali. Wengi hukimbilia mashirika makubwa kwa ajili ya jina, kisha wanapewa kazi ya kupanga mafaili na kununua chai. Mkandarasi mdogo wa umeme anayefanya kazi kwenye miradi ya nyumba za Mukuru au Shauri Moyo atakufundisha kuvuta waya, kusoma ramani na kuongea na msimamizi. Kati ya jina na mikono, chagua mikono, kwa sababu anayekuhitaji kila siku ndiye atakayekuita tena ukimaliza.

Jumamosi na likizo, mfuate fundi yuleyule uliyemsalimu katika hatua ya kwanza. Usiulize malipo mwanzoni, uliza nauli tu, ila mkubaliane mapema kwamba ukianza kufanya kazi peke yako atakulipa.

Hatua ya 7: Badilisha cheti kiwe mshahara

Amri ya mishahara ya Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha mshahara kwa kibarua wa kawaida Nairobi kuwa Sh16,113.75 kwa mwezi, bila marupurupu ya nyumba. Amri hiyohiyo ya mishahara ina viwango vya juu zaidi kwa mafundi wa Gredi ya III, II na I, ile inayotolewa na NITA baada ya mtihani wa ufundi. Kwa hiyo gredi ina uzito wa kisheria. Fanya mtihani huo hata kama una cheti cha CDACC, hasa kama unalenga viwanda. Fundi wa jua kali asiye na karatasi yoyote anaweza pia kupimwa ujuzi alionao na kupewa cheti bila kurudi darasani. Sera ya kutambua ujuzi huo ilizinduliwa 2024.

Umeme unahitaji zaidi. Kwa sheria ya nishati ya 2019, huwezi kufanya kazi ya kuweka umeme majumbani kihalali bila leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli. Mteja anayetaka kuunganishiwa stima anahitaji cheti cha kukamilika kwa kazi kilichosainiwa na mwenye leseni. Asiye nayo hufanya kazi yote, kisha mwenye leseni anakuja kusaini na kuchukua sehemu nono. Sola nayo ina leseni zake, kuanzia T1 ya mifumo midogo hadi T3. Kwenye ujenzi, NCA, mamlaka ya ujenzi, husajili mafundi na wasimamizi. Anza kukusanya mahitaji ya leseni ukiwa bado chuoni, na uweke akiba ya ada zake pamoja na cheti cha polisi cha tabia njema, ambacho ni Sh1,050.

Ni nini cha kutarajia? Kenya, zaidi ya asilimia 80 ya walio kazini wako nje ya sekta rasmi, na Nairobi nako wengi wako huko. Wengi wanaomaliza hawaendi moja kwa moja kwenye ajira ya kudumu. Wanaanza kwa mikataba ya miezi mitatu kupitia mawakala, au kazi za hapa na pale zinazoletwa na watu waliowaona wakifanya kazi. Mwaka wa kwanza huwa mwembamba. Anayejua hivyo mapema hanunui vifaa vyote kwa mkopo wa simu wenye riba kali. Ananunua vya mkono vya bei nafuu, anakodi mashine kubwa kwa siku, na anaongeza kidogokidogo. Vijana wachache wakisajili biashara pamoja, wanaweza kuomba cheti cha AGPO na kushindania asilimia 30 ya zabuni za serikali zilizotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Shule za umma na hospitali zinahitaji ukarabati kila mwaka.

Kwa kazi za nje ya nchi, angalia wakala kwenye orodha ya NEA, mamlaka ya ajira, kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Ukiajiriwa kama kibarua, andika siku zako za kazi na uombe kulipwa kwa M-Pesa ili malipo yaonekane. Sheria ya ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda unaofikia mwezi, au kazi ambayo haiwezi kutarajiwa kumalizika ndani ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa na mkataba wa mwezi, pamoja na haki zake. Mwajiri mbishi hukana tarehe uliyoanza, kwa hiyo ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya kwanza usiufute. Na ukiumia kazini, ripoti siku hiyohiyo kwa maandishi, uweke nakala, kwa sababu fidia ya majeraha chini ya sheria ya WIBA inamhusu hata kibarua wa siku moja.